KABLA YA KUSEMA MTOTO HANA AKILI



Tazama darasa lako la jioni. Je, akina mama ni wengi kuliko akina baba? Waulize walikuwa wapi walipokuwa na umri wa miaka saba. Mmoja atakuambia alikuwa akilea mdogo wake. Mwingine atasema baba alikuwa na fedha za kumsomesha mtoto mmoja tu, na kaka yake ndiye aliyepelekwa. Wa tatu atasema shule ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto. Nani kati yao alikosa shule kwa sababu hakuwa na akili? Hakuna. Leo wanasoma ukurasa huu.

Lakini sisi hawa hawa, mtoto wetu akirudi na matokeo mabaya, tunasema upesi: "Huyu hana akili." Wengine husema: "Huyu ni wa kike, ataolewa." Wengine husema: "Kabila lao ndivyo lilivyo." Maneno haya ni mepesi kutamka, lakini yanaweza kumtoa mtoto shuleni.

Katika somo hili tutaona mambo matatu yanayomrudisha mtoto nyuma. Nayo ni hali ya nyumbani kwake, kuwa kwake wa kike au wa kiume, na kabila lake. Tutaona pia tunachoweza kufanya.

1. HALI YA NYUMBANI

Fikiria watoto wawili majirani hapa Kimara. Wote wana miaka kumi na miwili.

Wa kwanza huamka saa kumi na moja alfajiri. Haoni chai wala kiporo. Hutembea mpaka Barabara ya Morogoro kungoja daladala. Kondakta anamzuia mlangoni, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Daladala tatu zinampita. Anafika shuleni amechelewa, na anaadhibiwa. Ifikapo saa tano njaa inamuuma, na maneno ya mwalimu hayaingii. Jioni anamsaidia mama yake kuuza vitumbua kituoni. Akirudi, giza limeingia, na taa ni moja kwa nyumba nzima.

Wa pili hunywa chai na mkate. Gari la shule linamchukua mlangoni. Jioni ana mwalimu wa tuisheni. Baba yake, aliyesoma mpaka kidato cha sita, humuuliza: "Leo mmejifunza nini?"

Siku ya mtihani maswali ni yale yale. Je, watoto hawa wamepimwa akili tu? Hapana. Wamepimwa pia chai, nauli, taa na elimu ya baba.

Serikali imejaribu kupunguza tofauti hii. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa. Katika miaka ya 1980 wazazi walianza tena kulipa. Ada ikafutwa tena ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002. Tangu Januari 2016 elimu ni bila ada mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 mpaka kidato cha sita.

Hizo ni hatua kubwa. Lakini ada si gharama yote. Sare, viatu, madaftari, nauli na chakula bado vinamngoja mzazi.

Iko pia tofauti ya lugha. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mzazi mwenye uwezo humpeleka mtoto wake shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza. Watoto hao wanapokutana kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mmoja anaendelea na safari. Mwingine anaanza kujifunza njia. Akinyamaza darasani, wenzake hudhani hajui hesabu. Huenda hesabu anaijua, ila swali hakulielewa.

Mambo haya hayako kwetu tu. Mwaka 1966 huko Marekani mtaalamu James Coleman na wenzake walitoa taarifa ya uchunguzi mkubwa wa shule. Waliona kwamba hali ya nyumbani ilihusiana sana na matokeo ya mtoto shuleni. Kumbe hata nchi tajiri ina tatizo hili.

2. WA KIKE NA WA KIUME

Siku hizi wasichana wanaoandikishwa shule ya msingi si wachache kuliko wavulana. Lakini kuandikishwa ni jambo moja, na kupata nafasi ya kusoma ni jambo jingine.

Maji yakikatika mtaani, nani anabeba ndoo? Nani anaosha vyombo? Nani anabaki na mtoto mchanga mama anapokwenda sokoni? Mara nyingi ni binti. Hebu tufanye hesabu. Tuseme kazi hizi zinamchukua saa 2 kila siku ya shule, na kaka yake hazifanyi.

Saa 2 x siku 5 = saa 10 kwa wiki.
Saa 10 x wiki 10 = saa 100.

Kwa wiki kumi tu, kaka yake amepata saa 100 za kusoma zaidi yake. Matokeo yakitoka, tunasema mvulana ana akili.

Binti akivunja ungo, anahitaji vitambaa safi au pedi, maji, na choo chenye mlango. Asipovipata, hubaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Akiwa hana nauli, hukutana na mtu wa kumpa lifti. Lifti hiyo huweza kumpa mimba.

Sheria ni kali. Tangu mwaka 2016, mtu anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Zamani msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mara nyingi huo ndio ulikuwa mwisho wake. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Mzazi mwenye binti wa namna hiyo ajue haki hii. Asimfiche ndani.

Wavulana nao wana mzigo wao. Mvulana huambiwa: "Wewe ni mwanaume, katafute." Anaanza kwa kuuza maji ya chupa barabarani siku za Jumamosi. Akionja fedha, anauza Jumatatu pia. Mwisho jina lake linabaki kwenye daftari la mahudhurio, lakini mwenyewe hayupo.

3. KABILA

Kimara wanaishi watu wa makabila mengi. Wako Wazaramo, ambao ni wenyeji wa sehemu hizi. Wako Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa, Wasukuma na wengine waliohamia. Wako watu wanaosema: "Wa Kilimanjaro na Bukoba wana akili ya shule. Wa Pwani wanapenda ngoma." Je, ni kweli? Tuangalie historia.

Wakati wa ukoloni, shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilikuwa mbalimbali. Mtoto wa Kiafrika alitumiwa fedha kidogo kuliko wengine. Kisha walisema kwamba Mwafrika ni mzito wa kuelewa. Baada ya Uhuru, ubaguzi huo wa shule ulifutwa. Hivyo maneno tunayoyasema leo juu ya jirani, jana yalisemwa juu yetu sote.

Shule nyingi za Waafrika zilijengwa na wamisionari. Walijenga sana Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe. Huko pia kahawa ilistawi, na fedha za kahawa zililipa karo. Huku Pwani, misheni ya Bagamoyo ilianza mapema, mwaka 1868. Lakini wazazi wengi wa Pwani walikuwa Waislamu. Waliogopa kwamba mtoto akipelekwa misheni atabatizwa. Haikuwa kwamba hawakupenda elimu. Walikuwa na vyuo vya Kurani, na waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja kwa shule za kikoloni.

Wafugaji nao wana historia yao. Wamasai huhama na mifugo, lakini shule haihami. Tena mtoto aliyekua akisema Kimasai tu hukutana na Kiswahili darasa la kwanza.

Kwa hiyo tofauti hizi hazikutoka katika damu. Zilitoka katika mahali shule zilipojengwa, na nani aliweza kuingia. Mwaka 1969 Serikali ilizichukua shule nyingi za misheni ili ziwe za wote. Katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawiwa kwa mikoa. Hata hivyo tofauti haikwisha yote, kwa kuwa mzazi aliyesoma humsomesha mwanawe.

Mtoto akiambiwa kila siku kwamba kabila lake halisomi, mwishowe huamini. Mwalimu akiamini pia, humuuliza maswali machache. Mtoto huacha kunyoosha mkono. Hapo uongo umejitengenezea ushahidi.

4. MZIGO JUU YA MZIGO

Mambo haya matatu mara nyingi huja pamoja. Binti wa nyumba maskini, ambaye kabila lake linachekwa, hubeba mizigo yote mitatu. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaomtazama tunauona mwepesi.

TUFANYE NINI?

Serikali ina wajibu wake wa kuleta walimu, madarasa, vyoo na usafiri. Tudai hayo katika mikutano ya mtaa na ya shule. Lakini haya yafuatayo tunaweza kuyaanza leo:

- Gawa kazi za nyumbani sawa kwa wa kike na wa kiume.
- Mpe kila mtoto saa moja ya kusoma jioni, taa ikiwapo.
- Wazazi wakubaliane juu ya uji wa shuleni, na wasimsahau asiye na uwezo.
- Ukiwa ndani ya daladala, mtetee mwanafunzi anayezuiwa mlangoni.
- Usiseme neno la kabila mbele ya mtoto, wako au wa jirani.
- Mwombe mtoto akusomee daftari lake. Sasa unaweza kulifuatilia.

Matokeo yakija mabaya, usianze na fimbo. Anza na swali: "Ni nini kilichokuzuia?" Kisha keti umsikilize. Wewe ulipokuwa mdogo, huenda hakuna aliyekuuliza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni nini kilichokuzuia wewe kusoma ulipokuwa mtoto?
2. Nyumbani kwako, nani hufanya kazi nyingi jioni? Piga hesabu ya saa zake kwa wiki moja.
3. Ni maneno gani husemwa mtaani kwenu juu ya makabila na shule? Nani huyasikia?
4. Darasa letu linaweza kufanya jambo gani moja mwezi huu ili kumsaidia mtoto mmoja abaki shuleni?