Uzalendo usitufanye tuamini kila uvumi wa maradhi



Mwaka 2021, wiki chache baada ya chanjo ya UVIKO-19 kuzinduliwa nchini mwetu mwezi Julai, alikuja kwangu mzee mmoja mwenye presha na kisukari. Nilipomshauri achanjwe, aliniangalia kwa huruma akasema: "Mwanangu, umesoma lakini hujui. Sisi Watanzania tuna amani na mali, wanatuonea gere. Hiyo chanjo ni ya kutumaliza."

Sikumcheka. Mzee yule si mjinga, na anaipenda nchi yake. Lakini nilijiuliza: vipi jambo jema kama kuipenda nchi limfikishe mtu kukataa kinga?

Swali hilo limefanyiwa utafiti. Mwaka 2020, wakati maradhi yamepamba moto, wataalamu waliwahoji watu karibu 50,000 katika nchi 67. Ilionekana kuwa wale waliojiona ni sehemu ya taifa lao kwa dhati walisema wanafuata zaidi masharti ya afya, kama kuepuka misongamano na kuzingatia usafi. Kwa hiyo kuipenda nchi si tatizo. Anayewapenda watu wake huwakinga.

Lakini wataalamu waliochambua majibu ya nchi 56 waliona pia sura ya pili. Wapo wanaoamini kwamba taifa lao ni bora kuliko yote, na kwamba mataifa mengine hayalipi heshima linayostahiki. Hao ndio walioelekea zaidi kuamini madai ya njama, yaani maneno kwamba kuna kundi la siri lililopanga maradhi ili kudhuru watu. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwenye kujiona bora hapendi kusikia kuwa nchi yake imeshindwa au imeugua kama nyingine. Akiambiwa kuwa adui ndiye aliyefanya, hupata nafuu moyoni.

Jambo hili halina nchi maalumu. Machi 2020 msemaji mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China aliandika kwamba huenda jeshi la Marekani ndilo lililopeleka ugonjwa Wuhan. Huko Marekani nako wapo waliodai kuwa China imeutengeneza kama silaha. Kila upande ulimnyooshea kidole mwenzake, na wagonjwa wakizidi kujaa hospitali za pande zote.

Ndugu msomaji, tusidhani ni ya wengine tu. Mwaka 2003, mwaka ambao Iraki ilivamiwa, ulienea uvumi Kaskazini mwa Nigeria kwamba matone ya chanjo ya polio yametiwa dawa ya kuwafanya Waislamu wasizae. Baadhi ya viongozi wa siasa na wa dini waliunga mkono, na jimbo la Kano likasimamisha chanjo hiyo kwa karibu mwaka mzima.

Insafu inatutaka tuseme pia kwamba shaka yao ilikuwa na mzizi. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo hapo hapo Kano, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya, Trovan, katika kundi la watoto wapatao 200. Nusu walipewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine. Watoto 11 walifariki. Familia zililalamika kuwa hazikuelezwa kuwa ni majaribio. Kampuni ilikanusha kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75.

Basi kuuliza si kosa, na kudai vipimo ni haki. Lakini kosa la dawa moja si ushahidi juu ya chanjo nyingine. Na virusi vya polio havikungoja mabishano yaishe. Polio huenea kwa kinyesi, kupitia mikono michafu na maji yasiyo salama. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, lakini takriban mtoto mmoja kati ya 200 hupooza, na hakuna dawa ya kumrudishia mguu wake.

Kano ilirejea kuchanja mwaka 2004, kwa chanjo iliyonunuliwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Lakini virusi vilikwisha kusafiri. Viliingia Sudan, Yemen, na mwaka 2005 vikafika Indonesia yenyewe, ambayo ilikaa miaka kumi bila polio. Takriban watoto 300 walipooza huko. Uvumi uliodai kuwalinda watoto wa Kiislamu uliishia kuwalemaza.

Sura ya Hujurat inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kwa hiyo ukipata habari ya maradhi msikitini, barazani au kwenye simu, jiulize haya:

1. Imeanzia kwa nani, na ushahidi wake ni upi?

2. Naipenda kwa sababu ni kweli, au kwa sababu inawasifu watu wangu na kuwalaani wengine? Hili ndilo swali gumu kuliko yote.

3. Nimemuuliza mhudumu wa afya? Una haki ya kujua chanjo imetengenezwa wapi na ina madhara gani. Asiyetaka kukujibu ndiye mwenye kosa.

4. Kama sina hakika, kwa nini nimtumie mwingine?

Wakati huo huo, tuendelee kunawa mikono kwa sabuni kila tutokapo chooni na kabla ya kula, na tuzitazame kadi za kliniki za watoto kama chanjo zimekamilika.

Ama yule mzee, alirudi baada ya wiki mbili pamoja na mkewe, wakiwa na maswali yao. Tulizungumza kwa muda mrefu. Mkewe alichanjwa siku ile ile. Yeye alisema bado anafikiri. Nikamwambia kuwa kufikiri ni jambo jema, ila nilimwomba asimzuie jirani.

Wabillahi tawfiq.