Ukuta wa Kaisari na Hesabu Yake

Kaskazini ya Uingereza yako magofu ya ukuta uliokatiza nchi toka pwani hata pwani, urefu wake kilometa 117 hivi. Ulianza kujengwa mwaka 122 B.K. kwa amri ya Kaisari Hadrian. Mtu aliyeandika habari za maisha yake miaka mingi baadaye alieleza kuwa ukuta ule ulikuwa wa kuwatenga Warumi na washenzi, na vitabu vingi vya shule vimeyapokea maneno hayo bila ya kuyapima. Huku ustaarabu, kule giza. Lugha hiyo sisi twaijua, maana babu zetu nao waliambiwa hivyo hivyo, na kwa sababu hiyo hatuwezi kuipokea bila ya kuuliza.

Warumi walikuwa wamekwisha kuzitwaa nchi zote zilizoizunguka bahari ya Mediterania. Washairi wao waliimba kuwa dola yao haina mwisho. Kwa nini basi watu wa namna hiyo walisimama njiani, wakashika sururu na mwiko, wakaanza kujenga ukuta?

Twende kwanza katika msitu wa Teutoburg, Ujerumani, mwaka 9 B.K. Liwali wa Kirumi, jina lake Varus, alikuwa akirudi kutoka kambi za kiangazi pamoja na legioni tatu, yaani vikosi vikuu vitatu, kila kimoja watu wapatao 5,000. Alikuwa ameanza kutoza kodi na kuamua kesi kana kwamba nchi ile imekwisha kuwa jimbo. Mezani pake alikaribishwa kijana wa kabila la Wacherusci, Arminius, aliyekuwa ametumika katika jeshi la Warumi wenyewe, akapewa uraia na cheo. Kijana huyo alijua jinsi Warumi wanavyopigana katika uwanda, akajua pia kuwa hawawezi kupigana hivyo katika matope, kati ya miti, msafara wao ukiwa umenyoshwa maili nyingi. Kwa siku chache tu legioni zote tatu ziliangamia. Namba zao, 17, 18 na 19, hazikupewa kikosi kingine tena, na jeshi la dola nzima likabaki na legioni 25.

Warumi walirudi kulipiza kisasi. Germanicus alivuka mto Rhine mwaka baada ya mwaka, akateketeza vijiji, akapoteza merikebu nyingi katika dhoruba, na mwaka 16 Kaisari Tiberius akamwita arudi nyumbani. Mto ukawa mpaka.

Huku Afrika jambo la namna hiyo lilikuwa limekwisha kutokea. Watu wa Kush, katika Sudani ya leo, waliishambulia Aswan yapata mwaka 25 K.K., wakazichukua sanamu za Kaisari Augustus. Malkia wao aliitwa kwa cheo cha Kandake, cheo kile kile kinachotajwa katika Matendo ya Mitume, naye alikuwa na jicho moja. Liwali wa Misri, Petronius, alipanda na mto Nile mpaka Napata, akaubomoa mji, akaacha askari 400 katika boma la Primis. Lakini Wakushi hawakutulia. Mwisho wajumbe wao walikwenda mpaka kisiwa cha Samos kumwona Augustus, na huko, kati ya mwaka 21 na 20 K.K., Kaisari aliwafutia kodi aliyokuwa amewatoza. Mpaka uliwekwa kilometa 120 hivi kusini ya Aswan, na Kush ikabaki huru. Mwaka 1910 wachimbaji walikuta kichwa cha shaba cha Augustus kimezikwa chini ya ngazi za hekalu mjini Meroe, mahali ambapo kila aliyeingia alimkanyaga Kaisari. Siku zile Sudani ilikuwa chini ya Waingereza, basi kichwa hicho kikasafiri, na sasa kimo katika makumbusho ya London.

Augustus huyo huyo, alipokufa mwaka 14, aliacha hati iliyohesabu askari wake, mapato yake na matumizi yake, na ndani yake aliwashauri watakaomfuata wasiipanue dola kupita mipaka yake. Tunaamini hati hiyo yaeleza mengi kuliko mawe ya ukuta. Msitu ulimpa hofu, lakini hesabu ndiyo iliyomsimamisha.

Wataalamu wengi hukadiria kuwa jeshi lilikula nusu au zaidi ya mapato yote ya dola. Mwaka 6 Augustus alilazimika kuunda hazina ya kuwalipa askari wastaafu, akawatoza raia asilimia 5 ya urithi na asilimia 1 ya mali iliyouzwa kwa mnada. Matajiri wa Rumi walishangilia ushindi kwa furaha, ila kodi ya urithi waliichukia sana. Walitaka dola bila ya gharama yake.

Na gharama hiyo ilibebwa na nani? Mara tu Augustus alipokufa, askari wa legioni katika Pannonia, karibu na mto Danube, walikataa kazi. Kiongozi wao alikuwa Percennius, mtu aliyekuwa zamani mkuu wa washangiliaji katika michezo ya kuigiza, naye alijua kusema na umati. Madai yao kila mfanyakazi atayaelewa. Ujira wao haukufika dinari moja kwa siku, na katika huo walikatwa fedha za nguo, silaha na hema, tena maakida walidai rushwa ili wawapunguzie kazi. Walidai dinari moja kwa siku, ujira ule ule wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika mfano wa Injili. Walidai kuachishwa baada ya miaka 16, si kushikwa mpaka wazee, kisha wapelekwe nchi za mbali kupewa mabwawa na miamba wakiambiwa kuwa hayo ni mashamba. Jibu la wakubwa lilikuwa maneno matamu kwanza, kisha upanga. Percennius aliuawa. Lakini serikali iliyotetemeshwa na askari wake namna hiyo haina pupa ya kuongeza nchi nyingine za kulindwa na askari hao hao.

Hesabu hii haikufichwa. Strabo, mwandishi wa jiografia wa siku za Augustus na Tiberius, aliandika waziwazi kuwa Uingereza haifai kutwaliwa: ushuru wa bidhaa zake unaleta faida kuliko kodi, kwani ili kutoza kodi itahitajika legioni moja na wapanda farasi juu yake, na matumizi yao yatameza mapato. Karne moja baadaye Appian wa Iskandaria alisema kuwa amewaona wajumbe wa mataifa maskini wakija Rumi kujitoa wawe raia wa Kaisari, wakakataliwa kwa kuwa hawakuwa na faida. Ndiyo tafsiri ya ushenzi katika daftari la dola: mshenzi ni mtu ambaye kumtawala hakulipi.

Hata hivyo Uingereza ilivamiwa mwaka 43. Claudius hakuwa mtu wa vita, naye alihitaji ushindi wa kujipatia heshima. Lakini ushindi wa jemadari ulikuwa jambo jingine. Corbulo alipovuka Rhine mwaka 47, Claudius yuyo huyo alimwamuru arudi, na jemadari akawapa askari wake kazi ya kuchimba mfereji. Kaisari aliyekaa Rumi alimwogopa jemadari mwenye sifa kuliko alivyowaogopa Wajerumani.

Huko Scotland, mahali paitwapo Inchtuthil, Warumi walianza boma kubwa la legioni nzima katika miaka ya 80. Kabla halijakwisha, askari walitakiwa kwenye mto Danube, basi wakalivunja kwa mikono yao wenyewe. Wachimbaji wa karne ya 20 walifukua shimo lililofichwa chini ya karakana yake, wakakuta misumari ya chuma zaidi ya 800,000. Ilikuwa mingi mno kubebwa, na kuiacha wazi kungewapa wenyeji chuma cha mikuki. Huko ndiko dola ilikofika mwisho, katika shimo la misumari, miaka 35 kabla ya Hadrian kuagiza jiwe la kwanza.

Trajan, aliyemtangulia Hadrian, alijaribu kuigeuza hesabu. Aliipata dhahabu ya Dacia, kisha akaingia Mesopotamia. Lakini maasi yalizuka nyuma yake, naye akafa mwaka 117 akiwa njiani kurudi. Hadrian aliziacha nchi mpya za mashariki mara tu alipotawala. Ukuta wa Uingereza ni mwana wa uamuzi huo.

Tuutazame basi ukuta wenyewe. Ulijengwa na askari wa legioni tatu, sehemu ya mashariki kwa mawe na ya magharibi kwanza kwa mabonge ya udongo wenye majani, na mawe mengi yamechongwa jina la akida ambaye watu wake walijenga kipande hicho. Waliolinda zaidi walikuwa vikosi vya watu waliokwisha kutawaliwa: Watungri wa Ubelgiji ya leo, wapiga mishale wa Syria, na katika karne ya 3, katika boma la Burgh-by-Sands, Wamauri wa Afrika ya Kaskazini. Mnyonge wa nchi moja alisimamishwa kumlinda mnyonge wa nchi nyingine. Katika boma la Vindolanda imepatikana orodha ya kikosi cha Watungri, iliyoandikwa kwenye ubao mwembamba kabla ya ukuta kujengwa. Jumla ni askari 752. Wasioweza kazi ni 31: wagonjwa 15, majeruhi 6, wenye macho mabaya 10.

Jambo la ajabu kwa ukuta unaosemekana kuwa wa kutenga watu, kila maili moja ya Kirumi palikuwa na kiboma chenye lango. Na upande wa kusini, ndani ya nchi iliyokwisha kutawaliwa, lilichimbwa handaki jingine, upana wa meta 6 na kina cha meta 3, na matuta huku na huku. Adui wa kaskazini hakuhitaji handaki la kusini. Sisi twaona kuwa askari hawakuwaamini raia wa nyuma yao zaidi ya watu huru wa mbele yao. Jeshi kubwa lingeweza kuupita ukuta. Mchungaji na ng'ombe wake, mfanyabiashara na mzigo wake, hawakuweza kupita ila langoni, mbele ya macho ya askari.

Katika jangwa la Libya, kwenye boma la Bu Njem, askari wa karne ya 3 waliandika kwa wino juu ya vigae vya vyungu habari za waliopita: Wagaramante wameingia, wameleta shayiri, nyumbu kadhaa na punda kadhaa. Na Zarai, katika Aljeria ya leo, umepatikana mwandiko wa mwaka 202 juu ya jiwe, wenye viwango vya ushuru. Waeleza kuwa sheria hiyo iliwekwa baada ya kikosi cha askari kuondoka mahali hapo. Farasi, dinari moja na nusu. Nyumbu, dinari moja na nusu. Mtumwa, kila kichwa, dinari moja na nusu.