Nyumba Iliyojengwa na Wawili: Haki Baada ya Talaka na Ndoa Mpya

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, hili ni suala linalorudi kila mara. Mume ana kiwanja, mke anauza dhahabu zake kununua saruji na mabati. Nyumba inasimama. Baada ya miaka wanaachana, mume anaoa tena na kumuweka mke mpya nyumba ile ile. Nyumba hiyo ni ya nani?

Kwanza, katika sheria ya Kiislamu ndoa haichanganyi mali. Chumo la mume ni lake na chumo la mke ni lake. Rejea Suratun Nisaa, aya ya 32. Kwa hiyo talaka haimpi mke nusu ya nyumba kwa sababu tu alikuwa mke, wala haimuondolei alichokitia.

Pili, kukaa si kumiliki. Aliyeachwa talaka rejea ana haki ya kubaki nyumbani hadi eda iishe (Suratut Talaaq, aya ya 1), hata kama nyumba ni ya mume peke yake. Mke mpya naye ana haki ya makazi, lakini kuhamia hakumfanyi kuwa mmiliki.

Linalobaki ni kujua dhahabu ile ilitolewa kwa njia gani:

1. Ikiwa ni hiba, na mume ameshaipokea, haidaiwi.
2. Ikiwa ni mkopo, mke anarejeshewa kiasi alichokopesha, hata nyumba ikipanda thamani.
3. Ikiwa ni ushirika, ana fungu ndani ya nyumba, nalo hupanda au kushuka pamoja na thamani yake.

Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar ya mwaka 2017 inaruhusu Kadhi kugawa mali za wanandoa pale mchango unapothibitika. Neno zito hapo ni "unapothibitika". Bila karatasi wala mashahidi, mwenye haki anaweza kutoka mikono mitupu.

Khitilafu huwa kubwa zaidi mume akifariki. Mtalaka aliyemaliza eda harithi. Hata hivyo, fungu lake la ushirika si mirathi. Ni milki yake, nalo hutolewa kabla ya kurithi. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 40 na robo yake imethibitika kuwa ya mtalaka. Anachukua milioni 10. Zinabaki milioni 30. Ikiwa hakuna deni wala wasia, na warithi ni mke mpya, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, mke anapata thumni, yaani 3,750,000. Mtoto wa kiume anapata 17,500,000 na wa kike 8,750,000. Wakirithi milioni 40 zote, watakuwa wamekula mali ya mama huyo kwa batili.

Tahadhari pia na maneno ya mdomo. Mume akisema "nyumba hii nimempa mke wangu" kisha asimkabidhi, kwa madhehebu ya Imam Shafi hiba hiyo haijatimia. Na akimuusia mke mpya nyumba, wasia haupiti ila warithi wengine waridhie, kwani yeye ni mrithi.

Kwa hivyo, kabla ya kuoa au kuolewa tena, andikeni: kiwanja ni cha nani, nani alitoa nini, na kwa njia ipi kati ya hizo tatu. Mke mpya akitia marumaru au kuongeza chumba, nalo liandikwe. Wawepo mashahidi wawili waadilifu, sheha aone, na kila upande ubaki na nakala. Wengine huona kuandikiana ni kutoaminiana. Allah ametuamrisha kuandika madeni katika aya ndefu kuliko zote, Al-Baqarah 282, naye anawajua waja wake.

Penye mzozo tayari, nendeni kwa Kadhi.

Wallahu a'lam.