Kadi ya Medicaid na Kitanda cha Kumi na Saba

Mzazi Mwafrika anayeishi Marekani, akigundua kwamba mwanawe amezama katika heroini au vidonge vya jamii ya afyuni, kwa kawaida huanza kwa kutafuta kitanda. Hupiga simu kituo baada ya kituo, kadi ya Medicaid mkononi, na mara nyingi huambiwa kwamba kadi hiyo haipokelewi au kwamba nafasi zimejaa. Baada ya siku chache huamini kwamba bima ya watu wa kipato cha chini haigharamii tiba ya uraibu. Imani hiyo ina chanzo chake, lakini si sahihi, na kuishikilia kunaweza kugharimu uhai wa kijana.

Medicaid ilianzishwa kwa sheria ya 1965. Serikali kuu na serikali za majimbo huchangia gharama zake, na kila jimbo huiendesha kwa taratibu zake ndani ya mipaka iliyowekwa kitaifa. Sheria hiyo ilizaliwa na katazo: fedha za serikali kuu zisilipie matunzo ya watu wazima wasio wazee katika taasisi za maradhi ya akili. Wakati huo majimbo ndiyo yaliyomiliki hospitali kubwa za wagonjwa wa akili, na Bunge halikutaka kuyapokea mzigo huo. Mwaka 1988 katazo likapewa kipimo cha vitanda: taasisi inayoguswa ni ile yenye vitanda zaidi ya 16. Kwa kuwa uraibu huhesabiwa miongoni mwa maradhi ya akili, mgonjwa mwenye umri wa miaka 21 hadi 64 anaweza kulipiwa tiba katika kituo chenye vitanda 16, na asilipiwe katika kituo cha jirani chenye vitanda 17, hata kama waganga na dawa ni vilevile. Ni vigumu kuitetea kanuni hii kwa hoja ya kitabibu, maana kitanda cha kumi na saba hakina kosa lolote.

Tangu 2015 serikali kuu imekuwa ikiyapa majimbo yanayoomba ruhusa maalumu ya kuvuka mpaka huo kwa tiba ya uraibu, na majimbo mengi yamekwisha kuipata. Hata hivyo, kukaa katika kituo hutegemea tathmini ya mtaalamu, na jimbo au kampuni inayolisimamia bima yake inaweza kudai kibali cha awali. Nyumba za kuishi za waliokwisha kuacha dawa za kulevya, zile zisizotoa tiba, ni jambo jingine kabisa: Medicaid hailipi kodi ya pango wala chakula cha humo.

Hata hivyo, kitanda siyo kiini cha tiba ya uraibu wa afyuni. Kiini chake ni dawa. Methadoni na buprenofini hutuliza arosto na hamu ya kurudia, na utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba hupunguza vifo kwa kiasi kikubwa. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaifahamu picha yake: katika kliniki ya methadoni ya Muhimbili, iliyoanza Februari 2011, mraibu hufika, hunywa dozi mbele ya mhudumu, kisha hurudi kwake. Hahitaji kulazwa. Marekani nako methadoni ya uraibu hutolewa katika kliniki zenye leseni maalumu. Buprenofini inaweza kuandikwa na daktari wa kawaida na kuchukuliwa katika duka la dawa, na sharti la kibali cha ziada kwa waandikaji wake lilifutwa mwishoni mwa 2022.

Hapa ndipo kadi ile iliyodharauliwa ina nguvu. Zamani yalikuwapo majimbo ambayo Medicaid yao haikulipia methadoni. Sheria iliyopitishwa 2018 ilizilazimisha programu zote za Medicaid kugharamia dawa za tiba ya uraibu wa afyuni, pamoja na ushauri nasaha unaoambatana nazo, kuanzia Oktoba 2020. Na mwaka 2024 sharti hilo likafanywa la kudumu. Hivyo mzazi anayeambiwa kwamba kitanda kitapatikana baada ya wiki tatu hana sababu ya kungoja wiki tatu. Swali la kuuliza ni hili: nani anaweza kumwanzishia mgonjwa dawa leo?

Kuna sababu nzito ya kuharakisha. Mtu aliyelazwa siku chache ili kusafishwa mwili, kisha akatoka bila dawa, hutoka akiwa amepoteza ustahimilivu aliokuwa nao. Akirudia kiwango alichokizoea zamani, pumzi inaweza kusimama. Familia huona amerudi nyumbani mzima, kumbe yuko katika siku za hatari kubwa kuliko zote. Ni busara kuwa na naloksoni ndani ya nyumba.

Kadi yenyewe haipatikani kwa usawa. Katika majimbo yaliyopanua Medicaid, mtu mzima mwenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini huingia. Katika majimbo kama Texas na Florida, ambayo hayakupanua, mtu mzima asiye na mtoto wa kulea wala ulemavu kwa kawaida huachwa nje. Wakimbizi, wakiwamo wengi waliotoka Kongo, waliruhusiwa kuingia bila kungoja miaka mitano inayowabana wahamiaji wengine. Lakini sheria ya Julai 2025 inabana haki hiyo kuanzia Oktoba 1, 2026 kwa wale ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu. Sheria hiyohiyo inawataka watu wazima wengi walioingia kwa upanuzi wathibitishe saa 80 za kazi au shughuli nyingine zinazokubalika kila mwezi, ifikapo Januari 2027. Mwenye ugonjwa wa uraibu amesamehewa sharti hilo, na kwa sababu hiyo ni muhimu ugonjwa wake uwe umeandikwa katika faili la daktari kabla ya barua ya kuhuishwa kwa bima kufika mlangoni.