Kindu: Mgonjwa anayeitikia "ndiyo" huenda hajaelewa

KINDU, Maniema – Mjini hapa Kiswahili ni cha kila mtu, na ndiyo maana tatizo halionekani. Muuguzi wa kituo cha afya alisomea kazi yake kwa Kifaransa. Mama aliyekimbia vita Kivu Kusini anazungumza Kibembe, Mashi au Kilega nyumbani, na Kiswahili cha sokoni.

Chukua suala la saa tu. Karatasi ya dawa inaandikwa 8h na 20h. Kwa hesabu ya Kiswahili hizo ni saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Anayesoma 8 kuwa saa nane atameza kidonge mchana, na 20 haimwambii kitu.

Goma iliyaona haya wakati wa Ebola. Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilikuta watu wakitaka maelezo kwa Kiswahili chao, si Kifaransa wala Kiswahili sanifu.

Kuuliza "umeelewa?" hakusaidii, nani atamjibu muuguzi hapana? Afadhali mgonjwa aeleze mwenyewe atakunywa dawa vipi. Wapo pia wahudumu wa jamii, wale reko, na baadhi yao wanajua lugha za waliohama.

Njia rahisi, na mbaya, ni kumtumia mtoto aliyesoma kuwa mkalimani. Mama atamwambiaje mwanawe kwamba anatokwa damu? Atasema tumbo linauma, kisha atarudi kwa familia iliyompokea akiwa na dawa ya minyoo.