Kura ya Pwani na Mkulima wa Kachibora

Pwani ikitaka kujitenga na Kenya, mimi ninayelima mahindi hapa Kachibora nitapiga kura. Mpwa wangu hakuamini nilipomwambia. Amekaa Mtwapa miaka mingi, ameoa Mgiriama, na siku hizi husema "sisi wapwani" bila kusita, ingawa kitovu chake kimezikwa huku Cherang'any.

"Mjomba," akaniuliza kwenye simu, "wewe Pwani inakuhusu nini?"

Inanihusu kwa sababu Katiba ya 2010 imesema hivyo. Kifungu cha 255 kinataja mambo ambayo hayabadilishwi ila kwa kura ya maamuzi ya nchi nzima, na eneo la Kenya ni mojawapo. Anayetaka kupunguza ramani ya nchi kwa njia ya wananchi aanze kwa kukusanya saini milioni moja za wapiga kura waliosajiliwa. Akishazipata, mswada wake unapelekwa kwenye mabunge ya kaunti, nao hauendi mbele mpaka kaunti 24 kati ya 47 ziukubali. Baada ya hapo unaingia Bungeni, kisha ndipo unatufikia sisi wenye kupanga foleni shuleni asubuhi na mapema. Siku ya kura, angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti, na wanaosema Ndiyo wawazidi wanaosema La.

Sasa hesabu. Pwani ina kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Hata mabunge yote sita yakipitisha mswada kwa vifijo, bado yanahitaji mengine 18 kutoka bara. Waheshimiwa wetu wa Trans Nzoia wangekuwa miongoni mwa wanaobembelezwa. Nikiwafikiria wakibembelezwa nacheka, kisha nanyamaza.

Kura ya maamuzi naifahamu kwa macho. Ile ya Novemba 2005, ya ndizi na chungwa, nilipiga kama watu wengine. Ile ya Agosti 4, 2010 nilikuwa karani wa kituo, darasani, ubaoni bado kukiwa na hesabu za watoto. Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu La. Usiku tulihesabu kwa mwanga wa taa ya chemli. Msimamizi aliinua kila karatasi, mawakala wa pande mbili wakainama kuitazama, akaitaja, nami nikaiweka penye lundo lake. Kwenye meza yetu lundo la La lilikwenda juu zaidi. Nchini Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 67, na kuanzia hapo tukatawaliwa na Katiba ambayo meza yetu iliikataa. Kwa hiyo mtu wa Kilifi akisema amechoka kushindwa kwa wingi wa watu wa mbali, simwoni kama mwendawazimu.

Madai ya Pwani yana historia ndefu. Mwaka 1895 Waingereza walichukua ukanda wa maili kumi kutoka baharini kuwa nchi lindwa, nao ukabaki kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar. Ndiyo maana hata baada ya bara kuwa koloni, bendera ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus. Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua, ukanda ukaunganishwa na Kenya. Wenyeji hawakupigishwa kura.

Juu ya kidonda hicho likaota Baraza la Jamhuri ya Mombasa, MRC, na kauli yake, "Pwani si Kenya". Serikali ilipiga kundi hilo marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hiyo Julai 2012. Wafuasi wengine waliamini kwamba Pwani ilikodishwa kwa miaka 50 na muda ungekwisha 2013. Barua za 1963 hazisemi hivyo. Lakini aliyezaliwa skwota juu ya shamba la babu yake hahitaji barua kumwonyesha kwamba amedhulumiwa. Sisi wa Trans Nzoia, tulio juu ya mashamba waliyoacha walowezi, na jirani zetu Wasengwer waliofurushwa msitu wa Embobut, tunalijua vizuri neno hati.

Wanasiasa ni habari nyingine. Novemba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, magavana Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi walitangaza kwamba watatafuta njia ya kuitoa Pwani Kenya. Machi 9, 2018 Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga wakapeana mikono, na mazungumzo ya kujitenga yakapoa kama chai iliyosahauliwa. Naona wakubwa waliitumia hasira ya watu kupandisha bei yao mezani, na aliyekuwa na hasira akarudi shambani bila hati vilevile.

Kama kuna waliowahi kuulizwa kweli, ni watu wa Kaskazini Mashariki. Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mwanasheria Mnigeria na jenerali Mkanada, kuwauliza wakazi wa Wilaya ya Mpakani Kaskazini wanataka kuwa wapi. Tume ilikuta Wasomali karibu wote wanataka kuungana na Somalia. Machi 1963 Uingereza ikawapa jimbo lao ndani ya Kenya badala yake, na Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na London. Vita vya Shifta vilivyofuata vilidumu mpaka 1967.

Zanzibar nako wapo waliodai kuulizwa. Muungano na Tanganyika wa Aprili 1964 ulitiwa saini na Nyerere na Karume bila kura ya wananchi. Mwaka 2012 masheikh wa Jumuiya ya Uamsho walizunguka na mihadhara wakidai kura ya Wazanzibari wenyewe juu ya Muungano. Zikazuka vurugu Unguja, viongozi wakakamatwa, baadaye wakafunguliwa mashtaka ya ugaidi Tanzania Bara, wakaachiliwa Juni 2021. Hata hivyo kuna jambo moja Tanzania ambalo ningependa Wakenya walitazame. Sheria ya kura ya maoni kuhusu katiba mpya iliweka sharti kwamba zaidi ya nusu wakubali Bara, na zaidi ya nusu wakubali Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Wingi wa Bara usingeweza kuimeza Zanzibar. Kura hiyo iliwekwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa mpaka leo.

Sudan walikwenda njia ya tatu. Januari 2011 walipiga kura watu wa Kusini peke yao, waliokuwa nyumbani na waliokuwa katika nchi nane za nje, Kenya ikiwemo. Asilimia 98.83 walisema tuondoke. Watu wa Kitale wanawafahamu wageni hao, kwa maana malori ya kwenda Lodwar na Lokichoggio hupita mjini na watoto wao wamesoma shule zetu. Desemba 2013 nchi yao mpya ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe.

Mpwa wangu alinisikiliza, kisha akaniuliza la kunikamata. "Na kaunti zetu sita zikisema Ndiyo kwa kishindo, nyinyi 41 mkasema La, itakuwaje?"

Kanada walilifikiria. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba Quebec haiwezi kujiondoa yenyewe kisheria, lakini wakazi wake wakisema wazi, kwa wingi ulio wazi na kwa swali lililo wazi, Kanada nzima inalazimika kukaa nao mezani kujadiliana. Katiba yetu haina kifungu cha namna hiyo. Nikamwambia kura yangu ingekuwa La, na kwamba ningemtaka mbunge wangu aeleze Bungeni hati za maskwota wa Kilifi zimekwamia wapi.

"Haya mjomba," akasema, "anza kumwuliza sasa, usingoje kura."