Ozzy Osbourne baada ya Black Sabbath: Albamu ya ‘peke yake’ iliyopigwa na watu watano

Aprili 1979, Black Sabbath ilimpiga chini mwimbaji wake, Ozzy Osbourne. Mwaka uliofuata akarudi na albamu yenye jina lake, Blizzard of Ozz, ambayo Marekani pekee imeuza zaidi ya nakala milioni 4.

Mara nyingi stori hii inasimuliwa kama ushindi wa mtu mmoja. Lakini ukisoma majina ya waliopiga, unakuta watu watano. Wawili kati yao walihangaika miaka mingi ili nao wahesabiwe.

Kwa nini alitimuliwa?

Black Sabbath ilianza 1968 mjini Birmingham, Uingereza. Ozzy aliimba, Tony Iommi alipiga gitaa, Geezer Butler besi na Bill Ward dramu. Wapenzi wengi wa roki wanaamini ndiyo bendi iliyozaa muziki wa hevi metali.

Mwaka 1979 walikuwa Los Angeles wakiandaa albamu mpya, lakini kazi haisogei. Pombe na dawa za kulevya zilikuwa zimeiingia bendi nzima, ila Ozzy ndiye aliyeonekana hashikiki tena. Aliyepewa kazi ngumu ya kumfikishia habari ni Ward, rafiki yake wa karibu.

Wenzake hawakukaa kumlilia. Walimchukua Ronnie James Dio, na Aprili 1980 wakaachia Heaven and Hell, moja ya albamu zao zinazosifiwa zaidi. Ozzy, akiwa na miaka 30, alikuwa amejifungia hotelini kwa miezi akinywa, akiamini muziki kwake umekwisha.

Mwimbaji akitoka, anaondoka na nini?

Hapa ndipo ugumu ulipo. Kwenye Sabbath, rifu nzito za gitaa zilikuwa za Iommi. Mashairi mengi yaliandikwa na Butler. Ozzy alipotoka, alitoka na sauti, melodi zake na jina. Vingine vyote ilibidi avitafute upya.

Aliyemuinua ni Sharon Arden, binti wa Don Arden, meneja wa Sabbath na mmiliki wa lebo ya Jet Records. Sharon aliamua kumsimamia. Mwaka 1982 wakafunga ndoa.

Timu iliyojenga albamu

- Randy Rhoads (gitaa): Alikuwa na miaka 23, ametoka bendi ya Quiet Riot, ambayo albamu zake mbili za mwanzo zilitoka Japani tu. Alikuwa pia akifundisha gitaa kwenye shule ya muziki ya mama yake huko California. Alichanganya roki na mbinu za muziki wa klasiki.
- Bob Daisley (besi): Raia wa Australia aliyepitia bendi ya Rainbow. Ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi.
- Lee Kerslake (dramu): Mkongwe kutoka Uriah Heep.
- Don Airey (kinanda): Ile sauti nzito inayofungua wimbo wa Mr. Crowley ni ya mikono yake.

Walirekodi Ridge Farm, studio iliyoko mashambani kusini mwa Uingereza, mwaka 1980. Albamu ilitoka huko Septemba mwaka huo na kufika nafasi ya 7 kwenye chati. Marekani iliingia sokoni 1981.

Crazy Train ndicho kibao kilichovuka mipaka. Hata asiyefuatilia roki huenda amewahi kusikia gitaa lake la mwanzo kwenye filamu au uwanja wa michezo. Goodbye to Romance nao ni wimbo wa taratibu ambao Ozzy alieleza kuwa ulikuwa wa kuiaga Black Sabbath.

Bendi au msanii wa kujitegemea?

Daisley amesimulia mara nyingi kwamba walidhani wanaunda bendi inayoitwa Blizzard of Ozz. Kava lilipotoka, jina kubwa lilikuwa la Ozzy Osbourne, na lile walilodhani la bendi likabaki kama jina la albamu.

Kibiashara, jina la Ozzy lilikuwa linauza. Lakini tofauti hiyo si ya heshima tu, inagusa mfuko.

Pesa zinagawanywaje?

Kwa kawaida wimbo uliorekodiwa una haki mbili tofauti:

1. Haki ya utunzi: Ni ya aliyetunga melodi na mashairi. Analipwa mirabaha hata wimbo ukirudiwa na mtu mwingine.
2. Haki ya rekodi: Ni ya sauti yenyewe iliyorekodiwa studio. Mara nyingi inamilikiwa na lebo, na mpigaji anapata kile tu mkataba wake unachosema.

Daisley anatajwa miongoni mwa watunzi wa nyimbo nyingi za albamu hiyo. Kerslake, kama mpiga dramu, alikuwa na sehemu ndogo sana kwenye utunzi, hivyo kwake mkataba wa kurekodi ndio uliokuwa kila kitu.

Walivyofutwa

Kikosi hicho kilirekodi pia albamu ya pili, Diary of a Madman. Kabla haijatoka 1981, Daisley na Kerslake wakaondolewa. Kava likabeba majina ya Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, ambao hawakupiga humo. Machi 1982, Rhoads alifariki kwa ajali ya ndege ndogo huko Florida akiwa na miaka 25.

Daisley na Kerslake walikwenda mahakamani. Mwaka 1998 walifungua kesi Marekani wakidai mirabaha, lakini madai yao yakatupwa.

Mwaka 2002, huku mgogoro ukiendelea, albamu zote mbili zilitolewa upya zikiwa na mabadiliko ya ajabu: besi na dramu zao zilifutwa, na sehemu hizo zikapigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin. Mashabiki wengi walikasirika. Toleo la 2011 ndilo lililorudisha sauti za awali. Kwa hiyo ukikutana na CD ya 2002, jua hiyo si albamu iliyotoka 1980.

Zawadi iliyochelewa

Mwaka 2018, Kerslake alikuwa anaugua saratani na muda wake ulikuwa unayoyoma. Alieleza hadharani kuwa ana ombi moja kwa Ozzy na Sharon: wampe diski za platinamu za albamu hizo mbili, azitundike ukutani kwake.

Wakamtumia. Alifariki Septemba 2020. Ozzy naye alifariki Julai 22, 2025, wiki chache baada ya kuimba na wenzake watatu wa mwanzo wa Sabbath kwenye uwanja wa Villa Park, Birmingham.

Blizzard of Ozz bado inaitwa albamu ya kwanza ya Ozzy akiwa peke yake. Ukiisikiliza leo, zima kidogo masikio kwa mwimbaji, sikiliza dramu. Huyo ni Kerslake, na safari hii yupo.